Chupa Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Siku yangu imefika. Keshokutwa shule inaanza warsha ya siku tatu kwa darasa la sita, la saba na la nane, kuwaonyesha watoto kazi za sayansi na hesabu. Si kwa hotuba. Watoto watapima, watachanganya na watapiga hesabu wenyewe, kwa mikono yao. Wanakuja wageni watatu: mpima ardhi, muuguzi wa maabara ya hospitali, na mhandisi wa maji. Kila mgeni anapewa meza, kitambaa na kibao chenye jina la kazi yake.

Wageni watatu, meza nne. Nimezihesabu mara mbili. Ya nne ni yangu, hata mtoto mchanga angejua. Mimi ndiye mtunza maabara wa shule hii, huu mwaka wa kumi na nne. Funguo zote ninazo mimi. Na koti langu ni jeupe, jeupe kuliko la daktari yeyote mjini.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kumshukuru mapema. Akanisikiliza huku akisaini karatasi zake. Kisha akasema meza ya nne ni ya chai.

Ya chai! Miaka kumi na minne, nashindwa na birika.

Binti yangu wa darasa la saba amefurahi kupita kiasi. Tangu jioni anapiga mistari kwenye daftari jipya. Anataka kuwa mhandisi wa maji. Nilimuuliza kwa nini asitake kuwa mtunza maabara kama baba yake. Akanyamaza kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejitengenezea kibao changu mwenyewe: MWANASAYANSI WA SHULE. Herufi nyekundu. Nikaamua kuwaonyesha walimu uwezo wangu, wakati wa mapumziko, katika chumba chao. Siki, magadi na rangi kidogo, na mlima wa udongo niliouchonga kwa mikono yangu. Ulilipuka vizuri mno. Ukalipukia mitihani sitini na mbili ya mwalimu wa hesabu, yule tunayemwita Desimali kwa sababu hata salamu yake ina nukta.

Desimali hakupiga kelele. Alifuta miwani. Akasema kwamba katika warsha yake, maana yeye ndiye mratibu, mimi nitabeba viti na kufunga kabati. Basi. Viti na kabati.

Halafu akanipa ratiba. Nikaisoma mstari kwa mstari nikitafuta jina langu. Silo nililoliona. Niliona hivi: *Mhandisi wa maji: tupime maji tunayokunywa.*

Nikaikunja ile ratiba, nikaitia mfukoni mwa koti.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tangi la maji la shule liko chini yangu. Kila Ijumaa napaswa kupanda ngazi na kutia vijiko vitatu vya klorini, kisha kusaini kitabu. Kusaini nimesaini, hakuna Ijumaa niliyoruka. Kitabu changu ni kisafi na kimepangika. Ila ngazi ni ndefu, goti langu ni bovu, na tangu shule ifunguliwe Januari sijapanda hata mara moja. Na ile klorini? Ukiloweka koti ndani yake usiku kucha, asubuhi utadhani limeshuka kutoka mbinguni.

Hakuna aliyekufa. Maji yanatoka, watoto wanakunywa, maisha yanaendelea. Kulikuwa na haja gani ya kupima?

Jumatano, 5 Machi

Warsha imeanza. Nimebeba viti tisini. Mpima ardhi aliwafundisha watoto kupima urefu wa mlingoti kwa kivuli chake na fimbo ya mita moja. Kisha, kwa uchokozi tu, akawapeleka kwenye tangi langu wakalipime nalo. Binti yangu akapata mita sita na robo. Wakapima kwa kamba: mita sita na robo. Wakampigia makofi. Kisha akaja kuninong'oneza akisema ameona nyumba ya nyigu kwenye kidato cha saba cha ngazi. Akauliza huwa napitaje pale kila Ijumaa.

Nikamwambia nyigu wale wananijua.

Akaniamini! Kichwa chote kile cha hesabu, akaniamini. Nilijisikia fahari, kisha nikajisikia vingine, nikaenda kupanga viti.

Mhandisi ni mama mmoja mfupi, mwenye viatu vya kazi na sauti ya chini. Alileta kopo la vichupa ishirini vyenye dawa ndani. Unatia maji, unafunga, unaweka mahali pa joto siku mbili. Maji yakibaki kama yalivyo, ni heri. Yakigeuka meusi, yana uchafu wa chooni. Watoto wakacheka waliposikia chooni. Mimi sikucheka.

Makundi matano, chupa tano. Kijito. Kisima cha jirani. Maji ya mvua. Namba nne, tangi la shule. Namba tano, maji yaliyochemshwa, ya kulinganishia. Nani alichagua namba nne? Nisiulize. Binti yangu aliandika lebo kwa mwandiko wake mzuri, tarehe, saa na jina la kundi, na akainama kuinusa chupa kama anabusu mtoto.

Zikafungiwa kwenye kabati la maabara, pamoja na kopo la vichupa vilivyobaki. Ufunguo ninao mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu asubuhi, watoto wakiwa kwa muuguzi wakijitazama damu kwa hadubini, nikafungua kabati kidogo tu, kuchungulia.

Haki ya nani! Namba nne ilikuwa nyeusi tititi. Kijito, ambamo mbuzi wanaoga, kilikuwa bado kijivu. Sisi tumekipita kijito.

Nikakaa juu ya ndoo kufikiri. Wazo la kwanza: kubadilisha lebo ya nne na ya tano. Lakini hapo maji yaliyochemshwa yangekuwa meusi, na mhandisi angetoa macho. Mimi si mjinga. Wazo la pili: chupa mpya. Nikachukua moja kwenye kopo. Maji sasa. Maji gani safi nitayapata wapi katika shule hii?

Chupa ya binti yangu ya kunywea ilikuwa juu ya meza. Mama yake humchemshia maji kila siku. Anasema hawezi kumwamini mtu anayetunza lile tangi. Mtu huyo ni mimi, mumewe, na huyasema hayo nikiwa nimekaa pale pale mezani.

Basi nikamimina kidogo. Nikabandua lebo kwa mvuke, nikaibandika upya. Mkono haukutetemeka hata kidogo! Ile nyeusi nikaimwaga nyuma ya maabara, na kichupa nikakizika. Kazi safi ya kitaalamu. Laiti ningekuwa na mtu wa kumsimulia.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Sijui niseme nini. Ushindi.

Shule nzima ilikusanyika uwanjani. Kijito, cheusi. Kisima cha jirani, cheusi kidogo. Mvua, safi. Namba nne, safi! Watoto wakaruka. Mhandisi akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akamuuliza binti yangu kama ana hakika walifuata kila hatua. Binti yangu akazitaja zote kumi na moja kwa mpangilio bila kutazama daftari. Akasema yeye mwenyewe hakutarajia, lakini mwanasayansi hafuati alichotarajia, hufuata alichokiona. Mhandisi alimfundisha maneno hayo jana tu. Walimu wakapiga makofi. Mhandisi akampa barua hapo hapo: likizo ijayo atakaa wiki mbili kwenye maabara ya maji, na atapewa koti lake mwenyewe.

Kisha mwalimu mkuu akamwita mtunza tangi asimame mbele. Mimi! Nikasimama na koti langu. Makofi. Hata Desimali alipiga, viganja viwili viwili, kama anatoa sehemu. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna haja ya mtoto kubeba maji kutoka nyumbani.

Wakamtaka binti yangu afungue bomba awe wa kwanza kunywa. Alikuja na bilauri, akanitazama, akatabasamu.

Nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu kabisa, mtu yeyote angegeuka. Yeye akanywa yote.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu alisoma daftari la mtoto ukurasa kwa ukurasa, pale jikoni. Kisha akalifunga, akanikazia macho. Akauliza kama ni kweli. Swali fupi tu. Birika lilikuwa mkononi, alikuwa anangoja nijibu ndipo aliweke motoni au alirudishe kabatini.

Nikamwambia sayansi imesema.

Akalirudisha kabatini.

Sikuweza kumaliza chakula. Lakini nilifikiri hivi: maji yale yale wamekunywa watoto mia tano tangu Januari. Akiongezeka mmoja, kuna tofauti gani?

Jumanne, 11 Machi

Darasa la pili, watoto saba hawakuja. La kwanza, wanne. Kuhara na kutapika. Mvua zimeanza, matope yanatiririka kutoka upande wa vyoo, na mfuniko wa tangi nakumbuka ulipasuka mwaka jana. Nilikusudia kuripoti.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha dharura. Ofisini kwake chupa namba nne iko juu ya rafu, pembeni ya kombe la mpira. Akasema maji si tatizo, tumepima. Akauliza ni nini basi. Desimali akaanza kusema turudie kipimo, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kwa hesabu yoyote ya maana.

Ilibidi niwahi! Nikasema mikate ya mama wa kantini. Nikasema nimeona nzi. Kwani uongo? Nzi wapo. Nzi wako kila mahali.

Kantini imefungwa leo hii hii. Mama wa kantini alipita mbele ya maabara na sufuria zake kwenye toroli, miaka tisa yote kwenye toroli moja. Alisimama kunisalimu. Akaniomba, mimi kama mtu wa sayansi, nimsemee kwa mkubwa. Nikamwahidi. Akanishukuru sana.

Mtu wa sayansi! Yeye peke yake ndiye amewahi kuniita hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Binti yangu yuko hospitali.

Asubuhi alijitahidi kuvaa viatu akaanguka mlangoni. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mtoto wa miaka kumi na mitatu, mimi nikifuata nyuma na mfuko wa nguo. Wodi imejaa. Watoto wawili kitanda kimoja, na nusu yao nawajua kwa sare. Mmoja wa mapacha wa darasa la pili hafungui macho. Mwenzake ameketi miguuni pake, anamsugua nyayo.

Muuguzi ni yule yule wa warsha. Alimtambua binti yangu mara moja, akamwita mhandisi mdogo. Akatafuta mshipa mara tatu ndipo akaupata, kwa jinsi alivyokauka. Akamuuliza mke wangu mtoto anakunywa maji gani. Mke wangu akasema zamani alikuwa anachemsha. Kisha akaitazama dripu, tone kwa tone.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia. Nililia kweli. Nikaapa kwamba mtoto akipona nitasema kila kitu, chupa, lebo, koti, yote. Niliapa kwa sauti. Mfuaji mmoja alinisikia, akaniambia pole.

Ijumaa, 14 Machi

Amepata nafuu! Ameketi, amekunywa uji.

Kuhusu kile kiapo, nimekitafakari vizuri. Niliapa nikiwa katika hali ya majonzi, na mtu mwenye majonzi hajui anachosema. Isitoshe, nikifukuzwa nani atamtunza mtoto?

Mhandisi alikuja shuleni. Muuguzi amempigia simu, mchongezi yule. Akaomba kopo lake la vichupa. Akavimwaga mezani, akavihesabu. Alileta ishirini, vimetumika vitano, vilipaswa kubaki kumi na vitano. Vilikuwa kumi na vinne. Watu wa hesabu wana tabia mbaya sana ya kuhesabu.

Nikasema kimoja kilivunjika. Akauliza vipande viko wapi. Nikasema nilifagia. Hakunibishia. Alilitazama koti langu kwa muda mrefu, akavuta hewa puani, akasema lina weupe wa ajabu. Nikamshukuru.

Jumatatu saa nne asubuhi atakuja kupima tena. Atajaza chupa mwenyewe, na atazifungia kwenye gari lake. Nikauliza kama hana imani na kabati la shule. Akasema Jumatatu, saa nne.

Mwalimu mkuu hataki kufunga bomba kabla ya hapo. Anasema hawezi kutupa ushahidi wa kisayansi kwa sababu ya uvumi. Ameigusa ile chupa kwenye rafu alipokuwa anasema.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu ameruhusiwa. Amekonda, shingo imekuwa kama ya ndege. Alipofika tu aliomba daftari.

Adhuhuri aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameandika hatua zote kumi na moja upya, na mbele ya kila hatua ameandika jinsi ambavyo ingeweza kuharibika. Akasema maji ndiyo yaliyowaletea wote ugonjwa, hana shaka, ameulizia wodini: waliobeba maji ya nyumbani hawakuugua. Kwa hiyo chupa namba nne ilikosea. Kwa hiyo kuna mahali yeye alikosea. Akaniomba nimsaidie kupatafuta, kwa kuwa mimi ni mzoefu.

Tukaanza. Alinawa mikono? Alinawa. Alifunga kifuniko barabara? Alifunga. Joto la kabati? Lilitosha, kijito kiligeuka. Akafika hatua ya tisa, chupa kuguswa na mtu. Hiyo alikuwa ameikata kwa rula, mistari miwili. Akanieleza kwamba hiyo haiwezekani, kabati lilifungwa na ufunguo ulikuwa kwangu, ndiyo maana ameiondoa kwanza kuliko zote.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mama yake alikuwa anachemsha maji jikoni, tulikuwa tunalisikia birika.

Nikamwambia labda hakuitikisa chupa vya kutosha.

Alifikiri sana. Akaandika. Kisha akasema watoto ishirini na sita wameugua kwa sababu aliwaambia wanywe. Machozi yakamdondokea kwenye jedwali lake, akayafuta kwa mkono, wino ukapakaa. Akatoa ile barua ya mhandisi katikati ya daftari, akanipa nimrudishie Jumatatu. Akasema kazi hizi zinataka watu waangalifu.

Nilimwambia asijali, hata mimi nilianza kwa makosa. Nilijisikia vibaya kwa muda. Kisha nikakumbuka kwamba sasa kuna maelezo, chupa haikutikiswa, na maelezo hayo yana mwandiko wa mtu mwingine. Nikajisikia nafuu kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Mpango! Safi, rahisi, na wa kisayansi.

Tatizo ni nini? Tangi halina klorini. Dawa? Klorini. Nina kopo zima la mwezi huu na nusu ya lile la koti. Nikitia leo, kesho saa nne mhandisi atakuta maji safi kuliko machozi ya malaika. Atapima, ataondoka kwa aibu. Mtu angedhani nimesomea.

Saa nane mchana nilikuwa shuleni. Nikapanda. Goti likalia kama bawaba, nikapanda. Kidato cha saba nikakumbuka nyigu. Hawanijui. Nimeng'atwa mara nne, moja kwenye kope, lakini nilijikaza nikafika juu. Mfuniko umepasuka kweli. Ndani kuna majani na ndege mmoja. Sikumtazama sana.

Kitabu kinasema vijiko vitatu kwa wiki, tangi likiwa limejaa. Mimi nimekosa wiki kumi, na tangi liko nusu, au chini ya nusu, kwa jicho moja sikuona vizuri. Je, unazidisha kwa kumi kisha unagawa kwa mbili? Au wiki zilizopita hazihesabiwi? Na watoto wanafungua bomba saa moja asubuhi, masaa matatu kabla mhandisi hajafika. Je, nyingi zaidi ndiyo salama zaidi? Hii ni hesabu ya darasa la saba. Nikashuka kwa hasira, nikarudi nyumbani kumuuliza anayeijua.

Alikuwa amelala akitazama ukuta. Daftari sikuliona. Nikamsomea hesabu polepole, vijiko, wiki, nusu tangi. Nikamwambia ni swali tu, la kuchangamsha akili.

Hakugeuka. Akasema, Baba, waulize wanaojua.

Nikamwambia anajua. Akasema hapana.

Basi nikarudi, nikapanda tena, nikakadiria. Makopo yote mawili.